Taa zikizimika ghafla chumbani kwako Japani, chungulia nje kwanza

Nilifika Japani mwezi wa Februari, na baridi ya wiki ile ya kwanza sijaisahau. Jioni moja niliwasha kiyoyozi kitoe joto, nikachomeka birika la umeme nipate chai, kisha nikachukua draya nikaushe nywele. Pap, giza. Nikafanya nililozoea kufanya tangu utoto: nikatulia, nikajifunika blanketi, nikasubiri umeme urudi. Zikapita saa tatu. Nilipofunua pazia ndipo nilipoona mtaa mzima unawaka taa, hadi dirisha la jirani wa ukuta mmoja nami. Kumbe ilikuwa swichi moja tu imeshuka, juu ya mlango wangu wa kuingilia, ya kupandishwa kwa kidole.

Nawaandikia ninyi mnaofika sasa, wa masomo na wa kazi, kwa sababu kila msimu wa baridi nasikia mgeni mwingine amelala gizani kwa jambo la dakika mbili. Tena kuna mgeni wa pili ambaye ananitia hofu zaidi: yule anayeilazimisha swichi ipande wakati imeshuka ili kumwokoa.

Kwa hiyo chungulia nje kwanza. Tazama taa za barabarani, madirisha ya jirani, korido ya jengo. Kote kukiwa giza, hiyo ni teiden, umeme umekatika eneo zima na huna la kutengeneza. Kwingine kukiwa na mwanga, nenda kwenye kasha la breka, yaani zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi au ukivuja. Kasha hilo litafute leo mchana, kabla hujalihitaji. Mara nyingi liko karibu na dari, juu ya mlango wa kuingilia au juu ya mashine ya kufulia. Andaa na kitu imara cha kupandia.

Ndani utakuta, kwa kawaida, breka za aina tatu. Pembeni kushoto ni breka ya ampea, yaani kiwango ulichokubaliana na kampuni ya umeme. Katikati ni breka ya umeme unaovuja, utaitambua kwa kitufe kidogo cha majaribio. Kulia ni safu ya breka ndogo, moja kwa jikoni, nyingine kwa kiyoyozi, na kuendelea. Iliyoshuka ndiyo inayokwambia kilichotokea, kwa hiyo itazame kabla ya kugusa chochote.

Ikishuka ya ampea, umetumia kupita kiwango. Hapa wageni wengi tunakosea kwa sababu tumetoka kwenye umeme wa volti 230, na umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Birika la wati 1,200 kwenye volti 230 linavuta ampea 5 na kitu. Kwenye volti 100 linavuta 12. Draya ya wati 1,200, nayo 12. Kiyoyozi kikitoa joto kinaweza kuvuta 6 au 7, na kinapoanza kuunguruma huvuta zaidi ya hapo. Jumlisha uone: vyumba vingi vya mtu mmoja vina mkataba wa ampea 20 au 30. Jioni yangu ile nilikuwa nimeshavuka 30 bila kuhesabu taa wala friji. Dawa yake ni kuchomoa kimoja, kisha kupandisha swichi. Birika, draya, maikrowevu, pasi na chungu cha umeme cha wali vyote ni walaji wakubwa, vizoeshe kupokezana. Na ujue kwamba soketi moja kwa kawaida inabeba wati 1,500, kwa hiyo ekstensheni moja isibebe birika na maikrowevu kwa pamoja, hata kama breka haijalalamika. Waya unaweza kupata moto muda mrefu kabla ya breka kushuka.

Ukiwa Osaka, Kyoto au Kobe, usiitafute breka hiyo ya ampea. Mikataba ya kawaida ya eneo la Kansai haina kikomo cha namna hiyo, ila breka nyingine zote zipo. Na katika nyumba nyingi za sasa zenye mita janja, kazi hiyo hufanywa na mita yenyewe: umeme unakatika, baada ya sekunde chache unarudi. Usidhani ni mzimu wala hitilafu ya kampuni, umezidisha, punguza.

Breka ndogo ikishuka peke yake, mzigo umezidi sehemu hiyo moja, au kuna kifaa kimepiga shoti. Chomoa vilivyoko upande huo, pandisha. Ikishuka tena huku hakuna kilichochomekwa, iache chini, piga simu.

Sasa ile ya katikati. Hiyo ndiyo ninayotaka muiheshimu. Hushuka inapohisi umeme unatoroka njia yake, pengine kupitia maji, ukuta au mwili wa mtu, na kwa kawaida hukata ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Rafiki yangu mmoja aliipandisha mara tano mfululizo, ikishuka anaipandisha, huku mashine yake ya kufulia imesimama kwenye dimbwi la maji. Namshukuru Mungu alikuwa amevaa viatu. Utaratibu salama ni huu: mikono mikavu, shusha breka ndogo zote. Pandisha kuu, yaani ile ya ampea kama ipo, kisha hiyo ya katikati. Nyingine hazikubali kupanda mpaka uzisukume chini kabisa kwanza. Halafu pandisha ndogo moja moja, taratibu. Ile ambayo ukiigusa tu ya katikati inaanguka, ndiyo yenye mvujo. Anza upya, hiyo iache chini, nyingine tumia. Usiku mmoja bila umeme wa jikoni hautakudhuru.

Na kwa kuwa nimeitaja mashine ya kufulia: plagi za Japani zina meno mawili tu, waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hutoka pembeni, wa kijani, au wa kijani na njano. Nimeingia nyumba nyingi za wenzetu nikaukuta unaning'inia. Ufungeni kwenye skrubu ya ethi iliyoko kwenye soketi ya mashine hiyo, huku plagi imechomolewa. Tafadhali.

Ukihitaji msaada, usianze na aliyekuuzia umeme. Tangu Aprili 2016 kila nyumba inaweza kuchagua muuzaji, lakini nyaya na nguzo bado ni za kampuni ya eneo husika. Kwa Tokyo ni TEPCO Power Grid. Teiden ya mtaa ni yao. Kama umepanga, tatizo la ndani mwambie kwanza msimamizi wa jengo, kanri gaisha. Kiswahili na Kiingereza vikigoma, maneno mawili yanatosha kufungua mazungumzo: "denki ga tsukimasen", umeme hauwaki, na "bureekaa ga ochimashita", breka imeshuka.

Breka zote ziko juu na jirani ana mwanga? Fungua zile bahasha ulizozirundika mezani. Huenda hukufungua mkataba ulipohamia, au bili imekupita. Mita janja hukatwa kwa mbali, hakuna fundi atakayegonga mlango.

Teiden yenyewe ni nadra, lakini ikija inaweza kuwa kubwa. Septemba 6, 2018, baada ya tetemeko la alfajiri, kisiwa chote cha Hokkaido kiliingia gizani, nyumba zipatazo milioni 2.95. Mwaka uliofuata kimbunga cha Septemba kiliacha sehemu za mkoa wa Chiba bila umeme kwa wiki mbili na zaidi. Ukikaa ghorofani, maji nayo yanaweza kukoma kwa kuwa yanapandishwa na pampu. Maji ya moto hukosekana hata kama gesi ipo, maana hita yake huendeshwa kwa umeme. Weka tochi, pawabenki iliyojaa, maji ya kunywa ya siku tatu, na sarafu za yen 10 na 100: simu za umma hupata umeme kupitia waya wa simu wenyewe, na nyumba ikiwa giza kadi yako ya simu ya umma haitasomwa.

Tetemeko likikutoa nyumbani, shusha breka kuu kabla ya kufunga mlango. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, moto mwingi ulianza wakati umeme uliporudi: hita iliyoangukiwa na nguo, waya uliobanwa na kabati, na mwenye nyumba yuko mbali. Wajapani wana jina maalumu la moto huo, tsuuden kasai. Ukirudi, chomoa vitu, kagua nyaya, nusa kama kuna harufu ya gesi, ndipo upandishe. Ukiinusa, usiguse swichi yoyote. Toka nje upige simu.

Leo usiku chukua karatasi. Andika anwani yako kwa Kijapani, namba ya mteja iliyoko kwenye bili, namba ya kampuni ya nyaya na ya msimamizi wa jengo, kisha ibandike ndani ya kifuniko cha kasha la breka. Gizani, simu ikiwa na asilimia tatu za chaji, hutakuwa na muda wa kuitafuta bili.