Kijiti cha muhogo hupata wapi mizizi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nalima muhogo huku Malindi. Kijiti nikifukiacho hakina hata mzizi mmoja, baada ya majuma kadhaa kina mizizi tele. Seli ya shina hujuaje kwamba sasa iwe mzizi? Na ikishakuwa, mbona haisahau?

JIBU: Marahaba. Seli ya mmea haijali sana imezaliwa na nani. Hutazama imekaa wapi. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walichukua mizizi ya arabidopsisi, kijimmea cha ukoo wa kabichi, wakaua kwa miale ya leza seli walizozichagua. Seli za tabaka la jirani zikajaza pengo. Zilipofika pale ziliacha kazi yake ya zamani, zikashika ya hao waliokufa. Ni kama Mmalindi aliyehamia Lamu: mwaka haujesha, anasema Kiamu.

Majirani huambiana kwa protini. Moja, iitwayo SHORT-ROOT, hutengenezwa katikati ya mzizi ikatoka hadi tabaka linalofuata. Hapo nyingine, SCARECROW, huikamata na kuizuia ndani ya kiini cha seli, isivuke zaidi. Kwa hiyo tabaka moja tu huwa ngozi ya ndani, ile yenye mkanda usiopitisha maji. Mkanda huo huzuia chumvi kupenya kati ya seli mpaka kwenye mishipa, na sisi wenye visima vya maji ya chumvi tuushukuru.

Sasa kijiti chako. Macho na majani machanga hutoa homoni ya auksini, nayo hushuka. Ikifika palipokatwa haina pa kwenda, hurundikana. Seli za karibu na mishipa, ambazo bado zaweza kugawanyika, hupokea auksini hiyo na kuanza mzizi.

Kuhusu kusahau: seli ikiwa hai haiachi kuambiwa, na jeni za kazi nyingine hufungwa kwa alama za kikemikali ili zisisomwe ovyo. Kufuli hizo hufunguka, ndiyo maana shina lako liliweza kugeuka. Seli za mirija ya maji ndizo hazigeuki tena. Hukomaa kwa kufa.

Basi usipande kijiti kichwa chini. Hata ukikigeuza, auksini hufuata chini ile ya zamani, sasa iko juu. Ng'oa kimoja ulichopanda sawasawa baada ya wiki tatu, utaona mizizi ilivyosongamana kandokando ya mkato.