Tunda halishiki nafasi ya mboga

Kwa karibu miaka miwili mwanangu wa pili hakugusa mboga za majani, na mimi sikushtuka. Akisukuma mchicha pembeni mwa sahani, nilimmenyea ndizi. Nilijiambia, si vitamini zile zile?

Sivyo. Matunda mengi yana sukari kuliko mboga za majani, na utamu huo ndio unaomvuta mtoto. Majani ya kijani nayo yana folati, aina ya vitamini B, na vitamini K kwa kiasi ambacho ndizi haifikii. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, zote mbili kwa pamoja, na viazi na mihogo havihesabiwi humo.

Usinibane kwa elimu ya mimea. Najua nyanya, tango, bamia na biringanya ni matunda, maana hutokana na ua na hubeba mbegu. Lakini mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kwenye ushuru wa forodha nyanya ihesabiwe mboga, kwa kuwa watu huila pamoja na mlo wenyewe. Jikoni kwangu nafuata mahakama.

Kitu cha kwanza nilichoacha ni kutoa tunda kama fidia. Mtoto ana akili: akijua akigoma analetewa embe, kwa nini asigome? Siku hizi mboga hutangulia, njaa ikiwa bado kali, kijiko kimoja tu na bila kulazimishana. Ilibidi aionje mara nyingi sana, nadhani zaidi ya kumi, ndipo akaacha kukunja uso. Chungwa huja na mlo huo huo, na kila mtu hupata lake, awe amemaliza mboga au hakumaliza. Vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Karoti naikaanga kwa mafuta kidogo, kwa sababu karotini yake, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, bila mafuta hufyonzwa kwa shida.

Juisi nimeipunguza. Ukichuja, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio, na machungwa manne anayoyanywa kwa dakika moja asingeyamaliza kwa kuyatafuna.

Mchicha bado anaula shingo upande. Bamia kaikataa katakata, na hapo simlaumu. Hata mimi huwa naila kwa sababu tu ananitazama.