Kabla hujaniuliza uvae nini, niambie utasema nini

Juzi nimepokea ujumbe wa binti mmoja, mtafiti wa magonjwa ya mimea. Ameanza kwa shikamoo, kisha akanieleza kwamba Alhamisi atakuwa kwenye runinga kwa mara ya kwanza maishani mwake, kipindi kinarushwa mubashara, na tangu apigiwe simu usingizi umemkimbia. Halafu yakafuata maswali saba. Avae rangi gani. Mikono aiweke wapi. Amtazame mtangazaji au kamera. Akubali kupakwa poda. Aingie na karatasi. Akikaukwa na koo afanye nini. Picha ya studio aiweke mtandaoni kabla ya kipindi au baada yake.

Nimeyasoma yote mara mbili. Hakuna hata moja linalohusu atakachosema.

Mdogo wangu, sikulaumu. Maswali hayo niliyauliza mimi miaka sita iliyopita, na nikapata majibu mazuri sana kwa yote. Yaliyonipata baada ya hapo ndiyo sababu ya makala hii.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba mimi ni mfamasia, na utafiti wangu ni wa bakteria wanaozoea antibayotiki hadi dawa inashindwa kuwaua. Mnajua pia kwamba siku hizi nahojiwa mara kwa mara. Nilivyoanza sijawahi kuandika, kwa sababu bado kunauma.

Nilialikwa kuzungumzia antibayotiki katika kipindi cha jioni. Nilijiandaa siku nne. Niliandika kurasa kumi na nne, nikazikariri kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilishona nguo mpya. Nililipia hata mafunzo ya siku moja ya kuzungumza mbele ya kamera, ambako tuliambiwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano na asilimia 93 ni sauti na mwili. Nikaamini. Nikatumia saa nzima kujifunza namna ya kukunja mikono mapajani. Mama alikuwa amewapigia simu ndugu wote. Wengine hata sijawahi kuonana nao, lakini jioni ile walikaa mbele ya runinga kunisubiri.

Swali la kwanza la mtangazaji lilikuwa hili: "Daktari, mtu mwenye mafua anywe antibayotiki?"

Jibu lake ni hapana. Mafua yanaletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Nililijua jibu hilo tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Lakini nilikuwa na kurasa kumi na nne kifuani na niliona nikisema hapana tu nitaonekana sina elimu. Kwa hiyo nilianza na mwaka 1928, Alexander Fleming, mgunduzi wa antibayotiki ya penisilini, na ukungu ulioota kwenye sahani yake ya maabara. Nikaingia kwenye ukuta wa seli ya bakteria. Nikawa natenganisha makundi ya dawa pale mtangazaji aliponikata kwa upole: "Kwa hiyo, anywe au asinywe?" Nikababaika. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Mgonjwa wa mafua anaweza kuhitaji antibayotiki, hasa mtoto au mzee, endapo nimonia ya bakteria itakuwa imejitokeza juu ya mafua hayo."

Muda ukaisha. Nikashukuriwa.

Asubuhi yake kipande cha video kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu. Kilikuwa na sura yangu, nguo yangu mpya, mikono imekunjwa vizuri kabisa mapajani, na maneno yangu hadi "mtoto au mzee". Hapo ndipo kilipokatwa. Juu yake waliandika kwamba mtaalamu anasema wagonjwa wa mafua watumie antibayotiki. Mimi, niliyetumia miaka yangu kupambana na jambo hilohilo! Mzee mmoja wa ukoo alimpigia Mama simu kumshukuru, kwamba tayari ameshamnunulia mjukuu dawa kama nilivyoelekeza.

Nilipiga simu kituoni. Niliahidiwa kwamba litarekebishwa. Halikurekebishwa. Kazini mwenzangu mmoja, ambaye hajawahi kufanya utafiti wa bakteria hata siku moja, alicheka mbele ya wengine, na baada ya mwezi akawa ndiye anayealikwa badala yangu. Kwa miaka miwili sikupokea simu ya mwanahabari yeyote. Nilijiambia kwamba vyombo vya habari havina nafasi kwa watu makini. Wakati huo mwenzangu alikuwa anazungumza kila mwezi, na nusu ya aliyosema haikuwa sahihi. Nilikaa nyumbani nikimsahihisha mbele ya runinga ambayo hainisikii.

Kilichonitoa huko ni kusikiliza ile rekodi tena. Niliisikiliza usiku mmoja nikiwa peke yangu, mara nyingi, nikaona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha. Aliyekata alikosa, na msimamo huo sitaubadilisha. Lakini sentensi yangu ilikuwa imejengwa ili ikatwe. Nilianza na dai, nikaweka sharti mwishoni. Mkasi ukipita katikati, dai linabaki na sharti linaanguka. Ningesema hivi: "Ikiwa nimonia ya bakteria imejitokeza, hapo daktari ataandika antibayotiki; mafua peke yake hayaihitaji," yeyote ambaye angekata mwisho angebaki na nimonia, na yeyote ambaye angekata mwanzo angebaki na ukweli kwamba mafua hayahitaji dawa hiyo. Sharti litangulie. Nawaambia wataalamu wote ninaokutana nao, na nitaendelea kuwaambia hadi wachoke: "ikiwa" yako iweke mbele.

Tangu usiku ule sijawahi kuingia studio bila sentensi moja iliyokamilika. Nasema moja. Wataalamu hawapendi kusikia hili. Wanasema mada yao ni pana. Kila mada ni pana. Mtafiti Daniel Hallin alipima taarifa za habari za runinga za Marekani wakati wa kampeni za urais, akakuta kwamba mwaka 1968 mgombea alisikika akizungumza mfululizo kwa wastani wa sekunde 43. Mwaka 1988 wastani ulikuwa umeshuka hadi sekunde 9. Hao walikuwa watu wanaotaka kuongoza nchi. Mimi na wewe tutapewa ngapi? Chukua saa, sema sentensi yako kwa sauti, uone inamalizika lini. Yangu ni hii: "Mafua ni virusi, antibayotiki haiui virusi, ukiinywa, unawafundisha bakteria wako kuizoea." Inaisha kabla ya sekunde 9, na pumzi inabaki.

Kuna jaribio moja ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na wengi, akawaambia wagonge mapigo yake mezani kwa kidole huku wenzao wakisikiliza na kukisia ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangepatia nusu. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani, na maneno yake, na ala zake. Mwenzake anasikia meza inagongwa. Jioni ile mimi niligonga meza kwa dakika nne mbele ya ukoo mzima.

Kwa hiyo ukishaipata sentensi yako, msomee mtu asiyejua fani yako, kisha mwache akae saa moja ndipo umwombe akurudishie. Akirudisha kitu kingine, mwenye kosa ni wewe. Mimi humsomea Mama. Sentensi niliyoitaja hapo juu ni ya sita. Tano za kwanza alizirudisha zimepinda, na nikaziacha bila kubishana naye.

Kuhusu ile asilimia 93, nimeifuatilia. Inatokana na kazi za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, na alichochunguza ni namna tunavyosoma hisia za mtu, kama anatupenda au hatupendi, hasa pale neno, sauti na uso vinapopingana. Mwenyewe ameeleza kwamba hesabu ile haihusu mawasiliano yote. Hata hivyo watu wanaendelea kuiuza katika mafunzo, na wataalamu wanaendelea kuacha maneno nyumbani kwenda kujifunza kukaa. Hili linanikasirisha, na sioni haya kusema. Mikono yangu ilikuwa mahali pake jioni ile. Mtoto akanunuliwa dawa isiyomfaa.

Binti, mikono yako iweke utakapo. Mtazame anayekuuliza, kamera zitakutafuta zenyewe. Vaa nguo ambayo umeshaivaa kabla, usishone mpya. Kunywa maji. Hayo mengine hayahitaji aya nzima, isipokuwa moja: maiki ikishabanwa kwenye nguo yako, hesabu kwamba dunia inakusikia hadi itakapovuliwa. Agosti 1984 Ronald Reagan, rais wa Marekani wakati huo, akijaribu sauti kabla ya hotuba yake ya redio, alitania kwamba mabomu yangeanza kuiangukia Urusi baada ya dakika tano. Halikwenda hewani, lakini lilirekodiwa, likavuja, likazunguka dunia nzima. Usinong'one kitu studio. Usimseme mtu. Hata korido ni studio.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi mnaniuliza kwa siri, yaani jina. Mnataka kujulikana, na hakuna ubaya. Mimi pia nilitaka na bado nataka. Mtaalamu asiyesikika anamwachia kiti asiyejua. Nimekaa miaka miwili nikitazama hilo likitokea. Lakini jina halikujengwa na picha za studio. Niliporudi, nilianza kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Mwanahabari akinipigia, namjibu ndani ya saa moja, hata kama jibu ni kwamba siwezi. Kama swali si la fani yangu namwambia wazi, kisha namtajia mwenzangu anayelijua vizuri zaidi. Mwanzoni nilidhani nawagawia wengine nafasi zangu. Baadaye nikagundua kwamba wanahabari wanaandika mahali: huyu hubahatishi naye, huyu anapokea simu. Niliacha wasifu wangu wa mistari kumi na mbili wenye kila cheti, nikaandika mistari miwili: mimi ni nani, na naweza kukueleza nini. Kila wiki nikaandika jambo moja fupi kuhusu antibayotiki kwenye ukurasa wangu. Miezi minane ya kwanza waliokuwa wakisoma ni wale wale wachache, na sitaielezea hapa kwa sababu haina cha kusimulia. Niliandika, basi.

Na nilikataa. Nilialikwa kuzungumzia chanjo, nikakataa. Nilialikwa kuzungumzia lishe, nikakataa, ingawa nilikuwa na kiu ya kuonekana na mwenzangu yule asingekataa. Kubali jambo moja tu lisilo lako na watu wataanza kukupima kwa hilo. Mpendwa msomaji, jilinde na mwaliko unaokufurahisha kuliko unavyokufaa.

Wiki iliyopita nilikuwa redioni. Swali lilikuwa lile lile. Sijui kama mtayarishaji alijua historia yangu, ila moyo ulipiga. Nikajibu: "Hapana." Kisha sentensi yangu. Kisha nikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu kwangu kuliko dakika zote nne za zamani. Mtangazaji akauliza kwa nini bakteria wazoee, na hapo ndipo nilipomtumia Fleming kama alivyostahili kutumiwa tangu mwanzo. Maana mwaka 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, hakuishia kwenye sahani na ukungu. Alitoa mfano wa kubuni wa bwana mmoja asiye na jina aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo mno, bakteria wakabaki wamejifunza kuivumilia. Akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akapewa penisilini, haikufanya kazi, akafa. Fleming akauliza nani alisababisha kifo chake. Mwanasayansi wa kiwango kile, mbele ya wanasayansi wenzake, alichagua mume na mke. Nilikuwa nimemnukuu miaka sita iliyopita nikachukua tarehe na kuacha habari yenyewe.

Kabla ya kufunga kipindi mtangazaji alirudia sentensi yangu kwa wasikilizaji, nzima, hakupunguza neno. Jioni hiyo Mama alipigiwa simu na yule mzee wa ukoo. Alitaka kuhakikisha kama amesikia sawasawa, akamsomea sentensi jinsi alivyoiandika kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa sawasawa. Niliondoka mezani nikaenda kulia chumbani, na silifichi hilo.

Basi, binti. Kipindi chako ni Alhamisi. Magonjwa ya mimea ni mengi na najua una mambo mengi ya kusema kuhusu kila moja. Chagua moja. Kama lina "ikiwa", iweke mbele. Msomee mtu wa nyumbani, subiri saa moja, sikiliza anachokurudishia. Kisha nitumie hiyo sentensi kabla ya Jumatano jioni, hata kama haijakaa vizuri. Nitaisoma kwa sauti na nitakujibu usiku huo huo.