Soma nambari kwanza, draiva itafuata

Tangu Microsoft isitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za kupandishwa hadi Windows 11 hazikosekani kwenye meza ya fundi Mombasa. Kupandisha kwenyewe si kazi kubwa: unabofya, unangoja. Kazi huja mteja akifungua laptopu akakuta sauti hakuna, Wi-Fi imepotea, au printa ya risiti imenyamaza na foleni ya wanunuzi imefika mlangoni. Hapo wanagenzi wengi hukimbilia intaneti, wakaandika jina la laptopu na neno draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, kisha wakapakua kilichotokea juu. Usifanye hivyo. Zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mpigo mmoja ziogope zaidi. Hukisia, na mara nyingi huja na takataka zao.

Anza kabla hujagusa chochote. Chomeka flashi ya GB 16, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, kwa ruhusa ya msimamizi, kisha uandike:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Herufi E ni ya flashi, nayo hubadilika, kwa hivyo itazame kwanza. Amri hiyo hunakili draiva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows yenyewe. Baada ya kupandisha, ukikuta pengo, unazirudisha hivi:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Hila hii haifai kama Windows ya zamani ilikuwa ya biti 32. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na draiva za biti 32 haizikubali hata kidogo. Hapo pia hakuna kupandisha, ni kusakinisha upya. Kompyuta za mezani zilizochakaa, zile za kaunta na saiba, ndizo za kuangalia hapa. Na kama mashine haina UPS, ile betri ya akiba ya nje, usianze kupandisha siku ambayo stima inachezacheza. Ikizimika katikati, utakuwa na shida nyingine kabisa.

Sasa umepandisha na kitu hakifanyi kazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, ili Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, ifunguke. Bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano usome kodi, yaani nambari ya hitilafu (Code). Kodi 28 maana yake draiva haijawekwa. Hiyo ndiyo rahisi. Kodi 10, kifaa kimeshindwa kuanza, na aghalabu draiva iliyopo si yake au ni ya zamani. Kodi 39, faili ya draiva imeharibika au haipo. Kodi 52, Windows haikuweza kuthibitisha saini ya draiva. Kodi 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Hapo shuku kifaa mapema, usije ukapakua draiva sita bure.

Kifaa kikiitwa "Unknown device", usikisie. Ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha inayoshuka uchague Hardware Ids. Utaona mstari kama PCI\VEN_10EC&DEV_C821, ukiendelea na SUBSYS. Herufi nne baada ya VEN ni mtengenezaji wa chipu: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Herufi nne baada ya DEV ni chipu yenyewe. Hiyo C821 ni kadi ya Wi-Fi ya RTL8821CE. Kwenye SUBSYS, nne za mwisho hutaja aliyeunda laptopu: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi, na ndiyo sababu jina la kwenye kifuniko halitoshi.

Ukiwa na nambari hiyo, ingia tovuti ya aliyeunda laptopu ukitumia nambari tambulishi (serial number) iliyo chini ya mashine. Dell huiita Service Tag, nayo ina herufi saba. Laptopu za mtumba kutoka Uingereza zenye Intel ya kizazi cha 6 au cha 7 karibu zote hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8, lakini watu huzipandisha kwa mlango wa nyuma. Usishangae tovuti ikikosa draiva za Windows 11. Chukua za Windows 10 za biti 64, nyingi hukubali.

Wi-Fi ndiyo imekufa na huna njia ya kupakua? Chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering. Lakini kabla hujafanya lolote, ingia mipangilio ya mtandao huo uuweke kuwa Metered connection. La sivyo Windows itaanza kushusha masasisho yake, na bando lako litakwisha kabla hata draiva haijafika nusu.

Mpangilio una maana. Draiva za chipseti, zile chipu zinazounganisha sehemu za ubao mkuu, huwekwa kwanza, kisha michoro (graphics), sauti, mtandao. Padi ya kugusa ni mfano mzuri: kwenye laptopu nyingi za Intel hupitia njia iitwayo I2C, na bila draiva ya Serial IO utaiweka draiva ya padi mara kumi bila kuona mshale ukisogea. Skrini ikionyesha maandishi makubwa na mwanga haupungui, tazama kama michoro imesomeka "Microsoft Basic Display Adapter". Hiyo ni ya kushikilia nafasi tu. Sauti ikikataa, chagua kwa mkono draiva ya kawaida ya "High Definition Audio Device". Mara nyingi spika hurudi hapo hapo.

Printa ya risiti haina haja ya draiva mpya kila mara. Baada ya kupandisha, au ukihamisha waya kwenye tundu jingine, Windows huweza kuipa njia ya USB002 ilhali foleni ya zamani ya uchapishaji bado inatuma kwa USB001. Karatasi haitoki, na printa huandikwa Offline. Fungua Printer properties, kisha Ports, uweke tiki kwenye njia mpya, uchapishe ukurasa wa majaribio. Dakika mbili. Mizani na skana zinazotumia waya wa USB kwenda siriali, lile tundu la data la zamani, zina balaa lake: nyaya zenye chipu za zamani za PL2303 hukataliwa na draiva mpya, na Device Manager huandika wazi kuwa chipu hiyo iliachwa tangu 2012. Usipigane nayo. Nunua waya mwingine.

Halafu kuna chumvi. Mashine inayokaa Mombasa karibu na dirisha la baharini hula upepo wa chumvi mwaka mzima, na kupandisha huishia kusingiziwa kosa la kutu. Kifaa kikiwa hakionekani kabisa kwenye orodha, hata ukiwasha Show hidden devices, chomoa chaja, chomoa bateri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, uwashe tena. Bado? Washa mashine kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, andika lspci -nn upate orodha ya kadi. Kadi isipoonekana huko pia, na BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, haijaizima, ifungue. Safisha miguu yake kwa spiriti ya isopropyl, si maji wala spiriti ya jiko, na uwe mpole na zile nyaya mbili za antena. Vishikio vyake hukatika upesi.

Mteja akiondoka, folda ya Windows.old iache. Ndiyo njia ya kurudi Windows ya zamani kupitia Settings, System, Recovery, na hudumu siku 10 tu. Kama ni kompyuta ya duka inayochapisha risiti za siku nzima, ongeza muda kabla hujaikabidhi:

dism /online /set-osuninstallwindow /value:30

Kikomo chake ni siku 60. Mwambie mteja asiifute akitafuta nafasi ya video, maana ina GB nyingi na itamtamanisha.