Mzee wa Kanda Anajibu: Asilimia 94, Halafu Nikalala

*Shikamoo Mzee wa Kanda. Napenda sana muvi, ila bando ni ghali, kwa hiyo sichukui kitu kabla ya kuangalia Rotten Tomatoes. Juzi nimechukua muvi yenye asilimia 94, usingizi ukanipitia hata nusu haijafika. Nyingine ya asilimia 60, ambayo niliikimbia, rafiki yangu akaja nayo na tumeiangalia mara mbili. Sasa mzee, tovuti ipi inasema ukweli?*
*Mpenda Muvi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo asilimia, maana wengi wanaisoma kama alama za mtihani, na mtihani haumo kabisa. Rotten Tomatoes ilianzishwa Marekani mwaka 1998. Kazi yake ni kukusanya wahakiki na kumweka kila mmoja upande mmoja kati ya miwili: huyu kaipenda, huyu hakuipenda. Kisha inahesabu vichwa. Walioipenda wakifika 60 katika kila 100, filamu inapata nyanya nyekundu. Wakipungua hapo, inapata nyanya ya kijani iliyopasuka, kama zile walizokuwa wakirushiwa wasanii wabovu jukwaani zamani.

Shika kalamu tuhesabu pamoja. Filamu ya kwanza imeonwa na wahakiki 10, na kila mmoja kaipa 6 kwa 10. Hakuna aliyeipenda sana, lakini wote wanasema "si mbaya". Hiyo itaandikwa asilimia 100. Filamu ya pili, wahakiki 6 wameipa 10 kamili, yaani imewatoa machozi, na 4 waliobaki wameipa 4. Hiyo itaandikwa asilimia 60. Sasa tafuta wastani: ya kwanza ni 6, ya pili ni 7.6. Ile ya asilimia 60 ndiyo iliyowagusa watu! Nadhani ndicho kilichokukuta wewe na rafiki yako.

Ukitaka huo wastani, nenda tovuti ya Metacritic, ambayo ipo tangu 2001. Wao wanageuza alama za kila mhakiki kuwa kitu juu ya 100, halafu wanatafuta wastani, na wahakiki wengine wanapewa uzito zaidi ya wenzao. Kwa hiyo usishtuke filamu moja ikiwa na 95 kule na 68 huku. Hawagombani. Kila mmoja anapima kwa kipimo chake.

IMDb nayo ni kitu kingine. Ilianza mwaka 1990 kwa orodha za waigizaji alizokuwa akizikusanya Mwingereza mmoja, Col Needham, na Amazon wakainunua mwaka 1998. Pale wanaopiga kura ni watazamaji kama wewe na mimi, kwa alama 1 hadi 10. Mimi huitumia zaidi kujua nani kaongoza, nani kaandika, na yule mzee aliyecheza kama baba mkwe nimemwona wapi. Namba yake siiamini mpaka nimeibonyeza nikaona kura zimekaaje. Ukikuta kura za 10 zimejaa, za 1 zimejaa, na katikati pamekauka, ujue kuna ugomvi unaendelea, na wengi wa waliopiga hizo kura huenda hata filamu hawajaiona.

Lakini mwanangu, hata ukizielewa namba zote hizo, bado hujapata ulichokuwa unakitafuta. Nikueleze nilivyojifunza mimi.

Nilikuwa na duka la kuazimisha kanda za video pale Ngamiani, Tanga, Barabara ya Nane. Juu ya kaunta niliweka daftari la shule, lile la kurasa 96, limefungwa kamba na kalamu. Mteja akirudisha kanda, nikishahakikisha ameirudisha nyuma hadi mwanzo, namwambia aandike mstari mmoja. Sikumlazimisha mtu, lakini waliandika. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akiandika "ndefu, inachosha" karibu kwenye kila kanda isiyokuwa na ngumi. Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika aya nzima kwa mwandiko mzuri, na hakupenda kabisa filamu ambayo steringi hafi wala haumii. Binti wa duka la dawa alipenda nyimbo, na kama nyimbo ni nzuri, mengine yote aliyasamehe.

Baada ya miezi michache nikagundua kwamba siwaulizi tena kama ni nzuri au mbaya. Naangalia nani kaandika. Fundi akiandika "inachosha", naiweka kando kwa ajili ya mwalimu, na mwalimu anaondoka nayo ameridhika. Fundi alinisaidia sana kuazimisha kanda asizozipenda, kwa sababu alikuwa mkweli na hakubadilika. Mhakiki wa namna hiyo ana faida hata kama hamkubaliani katika filamu hata moja.

Basi na wewe fanya hivyo. Chukua filamu tano unazozijua vizuri, mbili ulizozipenda, mbili ulizozichukia, moja iliyokuacha katikati. Tafuta mhakiki mmoja aliyeziandikia zote, usome kaandika nini. Usiangalie nyota zake, angalia sababu zake. Akisema "sikuipenda kwa sababu wanaongea sana ndani ya nyumba moja", na wewe unapenda watu wakiongea ndani ya nyumba moja, umeshapata mtu wa kukuongoza.

Pa kuanzia nakupa pawili. RogerEbert.com ndiyo ya kwanza. Roger Ebert aliandikia gazeti la Chicago Sun-Times tangu mwaka 1967, na mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi huko Marekani. Mwaka 2006 saratani ilimwondolea sauti, asiweze kuongea tena, naye akahamishia maneno yake yote kwenye maandishi, akaandika zaidi kuliko hapo awali, mpaka alipofariki mwaka 2013. Uhakiki wake wa miaka yote hiyo umewekwa pale, na wahakiki wengine wanaendelea kuandika filamu mpya. Kiingereza chake ni chepesi, hata mimi niliyeishia darasa la saba namfuata. Kumbuka tu kwamba alikuwa akitoa nyota juu ya 4, si juu ya 5, kwa hiyo nyota 3 kwake ni sifa.

Ya pili ni Letterboxd, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011. Hiyo ndiyo inayofanana na daftari langu kuliko zote. Kila mtu ana ukurasa wake, anaandika tarehe aliyoangalia, nyota, na maneno mawili matatu au aya kumi. Wengi wanaandika ili wachekeshe, hao wapite. Tafuta watu kumi wanaoeleza, wafuate, na baada ya muda utajua nani fundi wako na nani mwalimu wako.

*Mzee wangu, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili. Likizo wanataka kuangalia filamu na mimi niko kazini. Nitajuaje kilicho ndani kabla hawajakiona?*
*Mama, Mombasa*

Dada yangu, hili ni rahisi kuliko unavyodhani. Huko Kenya bodi ya filamu inaweka alama: GE ni kwa watu wote, PG mtoto aangalie na mzazi akiwepo, kisha kuna 16 na 18. Anzia hapo. Kwenye filamu za Marekani utakuta PG-13, alama waliyoianza mwaka 1984, nayo maana yake mzazi awe mwangalifu kwa mtoto ambaye hajafika miaka 13. Sasa wa kwako ana kumi na miwili, na alama peke yake haikuambii kama tatizo ni damu, matusi au kitanda.

Ndipo unapofungua ukurasa wa filamu hiyo IMDb na kushuka mpaka sehemu ya mwongozo kwa wazazi, Parents Guide. Pale watazamaji wameandika, tukio kwa tukio, mambo ya mapenzi na utupu, mapigano na damu, matusi, pombe na dawa za kulevya, na matukio ya kutisha. Tovuti ya Common Sense Media ya Marekani nao wanataja umri na kueleza kwa nini. Lakini kumbuka ni Wamarekani wanaoandika. Wapo wanaoona neno fulani ni tusi zito, sisi halitusumbui, na wanapitisha kimyakimya busu refu ambalo nyumbani kwako lingemfanya bibi ainuke aende jikoni. Soma maelezo, umri uupange mwenyewe.

*Mzee wa Kanda, kuna tovuti kila siku zinaandika "imethibitishwa, sehemu ya pili inakuja", na trela juu yake. Ukifuatilia, hakuna kitu. Nimsadiki nani?*
*Kijana wa Mwanza*

Hilo linaniuma pia, kwa sababu mjukuu wangu aliwahi kufungua tovuti ya namna hiyo kwa simu yangu, akabonyeza mahali palipoandikwa "angalia bure", na simu ikajaa matangazo mpaka nikampelekea fundi.

Habari za biashara ya filamu za Marekani huanzia mahali pachache. Gazeti la Variety lipo tangu 1905, The Hollywood Reporter tangu 1930, na Deadline, la mtandaoni, ni la mwaka 2006. Ukiona habari kubwa kwenye blogu usiyoijua, andika jina la filamu pamoja na jina la mojawapo ya hayo matatu. Kama halikuandika, subiri. Kama limeandika, tazama kitenzi. "Amesaini" na "yuko kwenye mazungumzo" ni habari mbili tofauti kabisa, na blogu nyingi zinakula ile ya pili na kutapika ya kwanza. Trela nayo itazame kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe iliyotengeneza filamu. Siku hizi kuna watu wanaunganisha vipande vya filamu za zamani na picha za kutengenezwa na kompyuta, na zinapendeza machoni.

Na sifa nazo zina wafanyabiashara wake. Mwaka 2000 matangazo ya filamu kadhaa za kampuni ya Sony yalianza kubeba maneno matamu ya mhakiki aitwaye David Manning, wa gazeti dogo la kila wiki la Connecticut, The Ridgefield Press. Gazeti lilikuwepo kweli. David Manning hakuwepo. Alibuniwa ndani ya kampuni, na gazeti lenyewe halikuwa na habari. Jarida la Newsweek ndilo lililofichua, Juni 2001. Kwa hiyo ukikutana na mhakiki mgeni, tafuta kitu kimoja tu: je, kuna filamu aliyowahi kuikataa, akaeleza kwa nini? Kama hakuna, mwache.

*Shikamoo. Nasoma sana uhakiki wa filamu za nje. Za kwetu nikitafuta sipati ila picha za waigizaji na nani kaachana na nani. Kweli hakuna wanaoandika?*
*Msomaji, Unguja*

Marahaba. Wapo, ila wamefichwa na majina. Chukua *Vuta N'Kuvute*, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Andika jina hilo la Kiswahili, utapata riwaya, muhtasari wa riwaya na maswali ya mtihani wa riwaya. Andika *Tug of War*, jina lake la Kiingereza, pamoja na jina la mwongozaji, na uhakiki wa filamu unaanza kutokea. Niliangalia jambo hilo nikasikitika kweli. Filamu inaongea Kiswahili cha Unguja, na ukitaka kusoma kuihusu lazima ubishe hodi kwa Kiingereza.

Njia nyingine ni kufuata matamasha. Wewe uko Unguja, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, liko mlangoni kwako tangu 1998, watu wamekaa Ngome Kongwe usiku wanaangalia filamu chini ya nyota. Chukua orodha yake ya filamu kila mwaka, andika majina ya waongozaji, uwatafute mmoja mmoja. Fanya hivyo pia na FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, linalofanyika kila baada ya miaka miwili. Wahakiki wa Afrika wana shirikisho lao lenye tovuti, Africiné, makao yake Dakar. Sehemu kubwa ni Kifaransa, lakini simu yako inaweza kutafsiri na utaelewa.

Na nakuomba jambo, mwanangu. Wewe umeshaziona filamu hizo, tena kwa lugha yake, bila kusoma maandishi ya chini. Andika. Maneno mia mbili yanatosha. Sema ulikuwa wapi ulipoiangalia, tukio gani lilikubana, wapi ulichoka na kwa nini, na mwisho usiwasimulie watu. Juu kabisa weka jina la filamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, jina la mwongozaji, na mwaka, ili yule wa Tanga au wa Muscat akitafuta kwa jina lolote kati ya hayo, akukute.