Niliacha chuo mwaka wa pili: nirudi au nihamie Mtwara?

SWALI: Mhariri, niliacha shahada ya elimu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam nilipomaliza mwaka wa pili, baada ya baba kuugua na shamba letu la mikorosho kukosa msimamizi. Sikuandika barua yoyote. Je, nirudi kulekule au nihamie chuo cha karibu?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza iandikie ofisi ya msajili wa chuo chako uulize hadhi yako, kwa kuwa aliyeahirisha masomo kwa kibali hatazamwi sawa na aliyetoweka, na wewe, uniwie radhi, umo katika kundi la pili. Omba pia taarifa rasmi ya matokeo. Ukidaiwa ada, huenda taarifa hiyo ikazuiwa.

Shahada ya miaka mitatu huhitaji angalau krediti 360, yaani vipimo vya kiasi cha masomo uliyofaulu, na sehemu yake umekwisha kuikusanya, hivyo miaka yako miwili si ya kutupa. Hata hivyo, chuo kipya hulinganisha somo kwa somo, kikifuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na masomo yasiyolingana na mtaala wake unaweza kulazimika kuyasoma upya.

Mtwara kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Kwa mtu mwenye mgonjwa na shamba, ningeanza kuulizia Huria, ambako mwanafunzi husoma akiwa kwake, ingawa kunadai nidhamu kubwa zaidi. Kama ulikuwa na mkopo, wasiliana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kabla hujajaza fomu yoyote ya kuhama.