Kufunga upya injini na giaboksi ya oto ya Mercedes 240D

Giaboksi ya oto, ile inayobadili gia yenyewe, inaweza kufungwa vizuri mezani kisha ikafa kabla gari halijatoka gereji, na mara nyingi inafia pale inapokutana na injini. Maelezo haya ni ya 240D ya umbo la W123, yenye injini ya OM616, ingawa ya konvata (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta) yanafaa karibu oto yoyote ya zamani.

Injini kwanza. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, kwa hivyo silinda iliyochongwa leo ikilala kavu, asubuhi utaikuta na kutu. Ikirudi kutoka kwa fundi wa mashini, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe kwa kompresa, kisha ipake oili papo hapo. Puliza pia mashimo ya bolti za silinda hedi. Oili au maji yakibaki chini ya shimo, bolti ikishuka hayana pa kutokea, na bloki hupasuka.

Kila unapokaza kofia moja ya beringi za kranki, zungusha kranki kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla, kosa liko kwenye kofia uliyotoka kukaza. Fungua uangalie, usidhani itajilainisha yenyewe. Mianya ya ringi tatu za pistoni iachane kwa nyuzi 120. Cheni inayounganisha kranki na kamshafti ikishakaa kwenye alama zake, zungusha injini raundi mbili kamili kwa soketi ya 27 kwenye bolti ya mbele ya kranki, kufuata upande inakozungukia tu. Ukiirudisha nyuma, cheni inaweza kulegea na kuruka jino.

Kwenye giaboksi, soma namba iliyogongwa ubavuni kabla ya kununua seti ya sili. W123 za mwanzo zina 722.1, za baadaye 722.3. Zote ni za gia 4, lakini vipuri haviingiliani. Pleti mpya za klachi ziloweke kwenye ATF (oili ya giaboksi ya oto) angalau nusu saa, maana zikifungwa kavu huungua mara ya kwanza zinapobana. Gololi za vavu bodi (kipande chenye njia za ATF zinazobadilisha gia) zishikize kwa vaselini, kamwe si grisi. Vaselini huyeyuka ATF ikipata moto. Grisi hubaki vipande vipande na kuziba filta.

Sasa konvata. Mimina ATF kama lita moja ndani yake, paka sili ya mbele mafuta, kisha isukume ndani huku ukiizungusha. Haiingii kwa mkupuo mmoja: inashuka, inakwama, unazungusha, inashuka tena. Kituo cha mwisho ndicho kinachoshika meno ya pampu, na ndicho kinachosahauliwa. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa giaboksi upime konvata imezama kiasi gani. Mara nyingi anayeridhika na kituo cha pili hugundua baada ya pampu kuvunjika.

Sogeza giaboksi mpaka igusane na bloki kote kwa mkono na jeki, pini za kuelekeza zikiwa mahali pake. Bolti si za kuvutia giaboksi. Kukiwa na mwanya unaokataa kuziba, konvata haijaingia. Ukiulazimisha kwa spana, unaikandamiza pampu. Bolti zikishakazwa, konvata izunguke kwa vidole na iachane kidogo na sahani ya kranki (bamba la nyuma ya injini inapofungwa konvata), milimita chache tu. Hapo ndipo unapoivuta mbele kwa bolti zake. Isipozunguka, shusha giaboksi. Ni kazi ya kuchosha, lakini pampu mpya inachosha mfuko zaidi.

Kipoza cha ATF kiko ndani ya rejeta. Safisha njia za kipoza kabla ya kuunga mipira, kwani uchafu wa giaboksi iliyokufa umejificha humo. Wengi hapa hutia rejeta maji ya kisima, na chumvi yake hula chuma. Kipoza kikitoboka ndani, maji yanaingia kwenye ATF, rangi inakuwa ya waridi kama maziwa, na pleti zinabanduka.

Mimina lita 4 za ATF injini ikiwa imezimwa, washa, kisha ongeza kidogo kidogo gari likiwa kwenye P, sehemu tambarare. Kipimo cha mwisho kisome injini ikinguruma na ATF ikiwa na moto wa nyuzi 80 hivi. Ikizidi, hutoa povu na gia huteleza. Dipstiki ipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Gia ikigonga inapobadilika, usikimbilie kufungua giaboksi. Ulaini wa kubadilika kwa gia hutegemea vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa). Dizeli hii huipata kutoka pampu ya mbele ya injini, na vakyumu hiyo hiyo huendesha breki, kufuli za milango na kuzima injini. Mpira uliopasuka ndani ya mlango wa nyuma unaweza kuifanya gia igonge. Vakyumu ikizidi, gia huteleza. Ziba laini ya milango kwa muda ujaribu tena.

Majaribio ya kweli ni foleni ya feri ya Likoni, inayopima joto la ATF, kisha kilima cha kuelekea Mazeras, ambako utaona kama gia inashuka ukikanyaga mafuta mpaka chini. Nenda alfajiri, kabla malori hayajajaa barabarani.